Ugomvi wa Madawati

Kwenye taksi-basi ya kwenda Nyankunde, Falone alipakata kapu lake la samaki na kutega sikio. Mbele yake wazee wawili waliokutana humo humo garini, mmoja direkta, yaani mwalimu mkuu, na mwingine mwalimu wa shule nyingine, walikuwa wakigombania madawati ya miaka mingi iliyopita.

“Direkta yetu wa ile wakati alikuwa anapatia batoto ba première, bale badogo ba mwaka ya kwanza, mapupitre yote,” mwalimu alilalamika. “Bangu ba sixième, ba mwaka ya sita, benye kungojea examen, banaandikia ku magoti! Maandiko yabo ilikuwa kama kuku imepita mu matope.”

“Alifanya muzuri,” direkta akamjibu. “Mutoto mudogo akikaa chini leo, kesho atabakia kwabo.”

Falone, aliyeishia darasa la tatu akikalia tofali, hakuulizwa maoni.

Direkta akacheka polepole. “Weye, muzee mwenzangu! Ile wakati, vita yetu ilikuwa ya mapupitre tu.”

Wote wawili wakavuta pumzi, kana kwamba harufu ya chaki imewarudia puani. Kisha mwalimu akakohoa. “Lakini ba sixième…”

Gari likafunga breki. Wenye bunduki walikuwa wameziba barabara kwa madawati, na kwenye lile la mbele rangi bado ilisomeka: Première.

Direkta akavua kofia taratibu, kama mtu anayepishana na jeneza.