Imakulata Lugembe na Ukuta wa Wapagazi

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Imakulata Lugembe, mwalimu wa ushonaji wa Kituo chetu cha Ufundi Mninga, Kanyenye, anatimiza miaka thelathini na nne ya utumishi na anastaafu kwa mujibu wa sheria. Sheria ndiyo inayomstaafisha. Angeulizwa mwenyewe, leo kusingekuwa na sherehe, na pilau hii tungeila siku nyingine.

Kamati ya maandalizi iliniomba niandike, kwa ajili ya programu ya sherehe hii, wasifu mfupi, wenye heshima, usiomkwaza mtu. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi.

Alizaliwa Igalula mwaka 1965, binti wa mzee Alois Lugembe, mrina asali. Baba alitundika mizinga ya magome msituni, na binti alimfuata nyuma akiokota kila kilichodondoka: gome, kipande cha nta, kamba iliyokatika. Mama yake alikuwa akivitupa nje, naye anavirudisha ndani. Alijifunza kushona kwa masista, akafaulu vizuri, na mwaka 1991 akaajiriwa hapa. Sanaa hakufundishwa na mtu. Hilo hulitangaza mwenyewe kwa sauti kubwa, hata asipoulizwa. Unyenyekevu si miongoni mwa sifa zake na leo sitamsingizia.

Alianza na mabaki ya darasa lake. Sisi wengine tuliyaona matambara ya kufutia mashine. Yeye aliyashona juu ya gunia, akayapaka nta, akabandika magome, kamba za kufungia tumbaku, na vifungo visivyo na wenzake alivyopewa na mzee Kanji dukani kwake. Kazi ya kwanza ilikuwa stesheni ya Igalula siku ya treni. Nikamwambia inafanana na mkeka uliotafunwa na mbuzi. Wageni wasishtuke: mimi ni Mzaramo, fundi seremala wa kituo hiki, na yeye ni Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipokeana njiani kati ya Pwani na Tabora. Mtani husema lolote na hakasirikiwi. Alinijibu kwamba mla nazi hawezi kujua picha, akaendelea kushona.

Mwaka 2003 alipeleka kazi moja kwenye maonyesho Dar es Salaam. Wahusika walimuuliza amesoma chuo gani. Kisha wakamwambia kwamba kitu chenyewe si mchoro na wala si nguo, kwa hiyo hawana meza ya kukiweka. Kikarudi kwa treni. Bi. Imakulata alikitundika darasani juu ya cherehani, na kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia huwaambia kwamba hicho ndicho kitu ambacho jiji zima lilikosa mahali pa kukiweka. Kipo mpaka leo, nendeni mkakione.

Kazi yake kubwa ni hii mnayoitazama sasa kwenye ukuta wa bwalo, msafara wa wapagazi uliochukua ukuta mzima. Aliianza baada ya kupita mitaani na vijijini akiomba kila familia iliyokuwa na mpagazi katika ukoo wake itoe kitambaa kimoja cha zamani. Watu walileta. Kuna kipande cha kanzu, kuna msuli, kuna kanga iliyofifia hata maandishi hayasomeki. Kila mpagazi pale ukutani amevaa nguo ya nyumba fulani ya hapa Tabora. Miili ni magome ya mizinga ya mzee Alois, mizigo ni magunia ya mzee Kanji. Wanawake wamo pia, wenye vyungu kichwani na watoto mgongoni, kwa sababu Bi. Imakulata anasema bibi yake hakubaki nyumbani.

Uzinduzi wake, mwaka 2009, hausahauliki. Binti wa mrina asali alisahau kwamba baba yake alikuwa akipaka nta mzinga mpya ili kuwaita nyuki, na yeye alikuwa ameipaka ukuta mzima, tena juu ya magome ya mizinga. Nyuki waliitwa, wakaitika. Mgeni rasmi alimalizia hotuba yake jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Bi. Imakulata aliwafukiza moshi taratibu, akasema kwamba kati ya wote waliofika siku ile, hao ndio pekee waliokwenda moja kwa moja kwenye picha.

Baadaye mgeni mmoja aliyekuwa akipeleka watalii Kwihara, kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Mzungu msafiri wa zamani, alisimama hapa, akauliza mbona Mzungu wa msafara haonekani. Akashauri awekwe mbele, picha ipate kuuzika. Jibu alilopewa na Bi. Imakulata tunalijua wote kwa moyo: "Yeye ana tembe lake kule Kwihara, limeezekwa na lina mlinzi. Hawa walikuwa hawana hata ukuta. Niwatoe tena?"

Sasa nafika kwenye lile ambalo kamati ingependa niliruke.

Miaka miwili iliyopita bodi iliamua bwalo litengenezwe likodishwe kwa harusi. Ukuta ulitakiwa uwekwe vigae na runinga kubwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Mathias Kasanda, ni mtu mwema na ndiye aliyetuletea kisima. Lakini siku ile aliita picha hii matambara yanayofuga mende, na mafundi wakaja na tindo na nyundo. Bi. Imakulata alitoka darasani na mkasi mkononi, akasimama mbele ya ukuta kwa hasira. Sijawahi kumwona vile. Niliogopa kwamba ataumia au ataumiza mtu.

Nikafanya ambalo mtani anaruhusiwa kulifanya. Nilivuta kiti, nikakaa chini ya picha, nikatangaza kwamba mali hii ni ya mtani wangu Mnyamwezi na kuanzia sasa nimeinyang'anya. Anayeitaka aje aigomboe, na mimi sijaamua itagombolewa kwa nini. Kiongozi wa mafundi, Valentino, kijana wa Igalula, aliangua kicheko, akaweka nyundo sakafuni. Alisema nyumbani kwao kitu kikishachukuliwa na mtani hakinyang'anywi kwa nguvu, na yeye hatakuwa wa kwanza. Wenzake wakakaa. Bwana Mathias, ambaye naye ni Mnyamwezi, alijaribu kununa ikashindikana. Mwishowe akasema basi, picha ikae mpaka Imakulata astaafu.

Bi. Imakulata hakunishukuru. Aliniita Mzaramo mwizi mbele ya watu, na bado ananiita hivyo. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuta chupa ya asali kwenye benchi langu la useremala.

Mpaka astaafu. Siku yenyewe ndiyo hii. Bodi ilimwuliza angependa zawadi gani, ikamtajia makochi. Alisema makochi anayo, anataka ukuta. Mpaka programu hii inapigwa chapa, jibu halijatoka.

Nitasema wazi: nina uchungu. Mwanamke huyu ametufundishia mabinti zaidi ya elfu, nusu ya sare za shule za mji huu zimepita mikononi mwa wanafunzi wake. Hakuwahi kutuomba kitu ila nafasi ya kuwaweka babu na bibi zetu mahali penye paa. Kama hilo ni kubwa mno kwetu, basi tusimwite hapa kumpigia makofi.

Dada Imakulata, asante kwa kazi, kwa ukaidi, na kwa matusi yote ya utani. Rudi Igalula kwa amani, ukatundike mizinga ya baba yako, ulale mchana kila utakapojisikia. Mungu akupe afya na macho ya kutunga uzi kwenye sindano miaka mingi. Ya hapa tuachie.

Waalikwa mtakuwa mmeona kwamba viti vya wafanyakazi havikupangwa katikati ya bwalo kama kawaida. Tumevipanga vyote chini ya picha, migongo yetu ikielekea ukutani, na cha Mwenyekiti tumekiweka katikati yetu, karibu sana. Ratiba inasema shughuli itafungwa saa kumi jioni. Walio na haraka tunawatakia safari njema. Sisi tutakuwa tumekaa.

Awadhi Kibwana
Idara ya Useremala