Basi la Tatu

Kinyozi alikuwa akienda zake kazini, wala hakuwa na haja na maneno ya watu, ila kiti cha mbele yake kilikuwa hakinyamazi.

"Hili basi la tatu leo, mama," binti mwenye barakoa alimwambia mshonaji aliyeketi naye. "Chuoni kuna homa ya virusi. Nikisikia mtu anakohoa tu, nashuka."

"Na mtihani je?"

"Unaanza, niwepo nisiwepo."

"Mwanangu, barakoa umevaa. Mikono umepaka dawa mpaka basi zima linanukia. Dirisha umelifungua lote, vumbi linatuingia sote. Ya kwako umemaliza. Sasa vuta pumzi, utulie."

"Nivute pumzi? Humu?"

Mshonaji akaangua kicheko mpaka mkoba ukamdondoka. Binti naye, macho yakacheka juu ya barakoa. "Basi vuta kidogo kidogo," mshonaji akamwambia.

Hapo ndipo koo la kinyozi lilipoanza kumwasha. Homa hakuwa nayo, ni vumbi la dirisha lile lile. Lakini akikohoa, mtoto wa watu atakosa mtihani. Akameza mate, akajifinya paja, machozi yakamlengalenga. Kondakta akampa pole, akidhani amefiwa.

Basi likasimama mbele ya chuo. Binti akaaga, akashuka, akavuka barabara mbio. Alipoingia getini tu, kinyozi akakiachia kikohozi chake kwa raha zote. Kabla hajamaliza, basi zima likamwitikia, dereva akiwemo.