Visima Vilivyoingia Mtandaoni

Benchi letu limeegemea ukuta wa maktaba ya chuo kikuu, upande wa nje, barabarani, na asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto lakini ubishi ulikuwa wa moto zaidi. Wiki nzima malori yalikuwa yakitoa makabati ya vitabu. Tukaambiwa vitabu sasa vinasomwa mtandaoni. Profesa, ambaye hajawahi kusoma chuo hata siku moja ila amepiga fotokopi hapo langoni miaka kumi na tano, alikuwa ameshajua kila kitu.

Spana, fundi baiskeli, akamvaa.

— Mtandaoni ndiyo wapi? Nionyeshe kwa kidole.

— Unauona ule mnara? Vyote vimo mle.

— Mvua ikinyesha je?

— Vinalowa! Kwani mvua ikinyesha mtandao si unakatika?

Bi Kahawa akatingisha birika.

— Mie nimesikia viko ng'ambo, ndani ya friji kubwa kuliko soko.

— Friji? Vitabu ni nyama?

— Vikipata joto herufi zinayeyuka.

— Nyie mnadanganywa, akasema Spana. Hakuna vitabu. Kuna jamaa mmoja kavisoma vyote, kafungiwa chumbani, anawajibu wanafunzi. Ukurasa ukichelewa kufunguka, ujue kaenda kula.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapo ndipo tulipomwona mzee mwenye mabuti ya matope, amesimama, kashika simu.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba wanangu. Mimi ni fundi wa visima. Mwanafunzi wa hapa alikaa na mimi miezi miwili. Nikamtembeza kwenye visima vyote vya zamani, hata vilivyofukiwa, akachora ramani. Sasa kichwa kinaniacha. Mtaani kwetu bomba limekauka mwezi wa pili huu, watu wanataka nifukue kile cha babu yangu, na mimi sikumbuki kiko wapi.

— Mwanafunzi mwenyewe?

— Alishamaliza. Simu yake haipatikani. Nimeambiwa kazi aliyoandika iko mtandaoni.

— Lete simu, mzee wangu, akasema Profesa. Hilo dogo.

Akabonyeza. Kazi ikapatikana kweli. Ukurasa wa shukrani ulikuwa wazi, na jina la mzee lilikuwepo, la kwanza kabisa. Akampa alione. Mzee akalipapasa kwa kidole gumba. Kurasa zilizofuata, ramani ikiwemo, zilikuwa zimefungwa.

— Inataka namba ya mwanafunzi na nywila, mzee.

— Mimi si mwanafunzi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Sasa maneno yangu mwenyewe nayapata wapi?

Profesa akamrudishia simu kwa mikono miwili. Spana akainama kuangalia viatu vyake. Mimi nilijisikia vibaya, nisiseme uongo, kwa kile kicheko chetu chote.

Bi Kahawa ndiye aliyesimama kwanza. Akaweka birika chini, akamshika mzee mkono, na sisi tukawafuata mpaka langoni, Profesa nyuma kabisa akifunga vifungo vya shati.

Mlinzi akatutazama mmoja mmoja.

— Vitambulisho vya chuo?