Mto wa Ngozi wa Alhamisi

Kaeni, wanangu. Nokwindla, usisimame mlangoni kama mgeni, sogea mbele nikuone. Na wewe Mchungaji, barua yangu ya uhamisho usiisome kwanza. Desturi yetu kina mama wa maombi ya Alhamisi ni kwamba anayehama husema kilicho kifuani kabla barua yake haijasomwa, na barua hiyo imeandikwa kuwa mimi, MamTolo, naondoka sina neno na mtu. Nina neno.

Sikilizeni. Mwanangu Lungile amekuja na gari kutoka mjini Gqeberha, ameshapakia kitanda na kuku wangu wawili, kwa sababu daktari amesema moyo huu hauwezi tena baridi ya milima hii. Siendi kwa kupenda. Miaka thelathini na mmoja nimevaa blauzi hii nyekundu kila Alhamisi, na miaka yote hiyo mkono uliopiga mto wa ngozi badala ya ngoma ili wimbo upate mwendo ulikuwa mkono huu. Mto ule niliushona mwenyewe, kwa koti la ngozi ambalo mume wangu alirudi nalo kutoka migodini, mapafu yake akiwa ameyaacha huko huko, nikaujaza sufu ya kondoo wetu. Mkiona vyaelea, vimeundwa. Leo mnaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nani aliwaundia mwendo huo?

Alhamisi iliyopita Nomalizo aliniuliza, "MamTolo, mto uko wapi, tumpe Nokwindla awe nao sasa?" Nikajibu kwamba panya wameula. Mkacheka, mkasema panya wa kwangu wasipochungwa watakula hata Injili. Hakuna panya. Mto umo ndani ya sanduku langu, chini ya mablanketi, na nilikusudia kuzikwa nao.

Mtaniuliza kwa nini. Nawajibu: kwa wivu. Msitazamane. Mmezoea kunisikia nikiwaombea wenye wivu, mkadhani ni ugonjwa wa watu wengine, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na wa kwangu ulikaa chini ya kola nyeupe iliyopigwa pasi.

Ulianza mwaka ule nilipovunjika mguu, Nokwindla akashika mto kwa Alhamisi tatu. Wa kwanza kuja kuniona hakuuliza habari ya mguu. Alisema, "Mama, ungemsikia yule binti. Hata Zola mlevi ameingia, akapiga magoti." Wa pili akaniambia hayo hayo. Wa tatu alipobisha hodi nikajifanya nimelala. Miaka yote niliyopiga mimi, Zola alikuwa akipita hapo dirishani na chupa yake, wala hakupunguza mwendo hata siku moja. Nikajifariji kwamba ngoma ivumayo sana haidumu; yako, Nokwindla, ikazidi kudumu.

Kisha ukaja mkutano wa Pasaka wa wilaya nzima, mkamchagua yeye apige. Kuhusu mimi mlisema, "Apumzike, amezeeka," kwa ile sauti ya upole anayosemeshwa ng'ombe aliyekauka maziwa. Jumatano kabla ya mkutano nilifumua mshono wa mto, nikatoa sufu, nikashindilia matambara, nikashona tena kwa uzi mweusi. Nilitaka mto usikike kama mtu anayekung'uta gunia la unga. Nikakaa mstari wa mbele, mikono nimefunga, namsubiri aaibike.

Ulipiga pigo moja tu, Nokwindla, nikaona uso wako umebadilika. Ukauweka mto chini, ukaanza kupiga kifua chako kwa kiganja, taratibu, na kina mama mia tatu wakapiga vifua vyao pamoja nawe. Ambaye hakupiga ni mimi peke yangu.

Mto uliponirudia ulikuwa mwepesi. Ulikuwa na sufu mpya, na mshono ulikuwa wa uzi mwekundu. Ulijua. Miaka miwili unanimiminia chai, unaniita Makhulu, kama bibi yako, unanishika mkono nikipanda ngazi za kanisa hili, na hujamwambia mtu. Kwa ukimya huo nilikuchukia zaidi, maana mtu akikupigia kelele utamjibu, lakini akikunyamazia utamjibu nini?

Basi yashikeni maagizo yangu. Birika kubwa la misiba nalikabidhi kwa Nomalizo; kifuniko chake hakifunguki mpaka kipigwe kofi. Blauzi yangu ya pili ataivaa binti atakayevishwa sare yetu mwakani, apunguze mabega. Pale dirishani akae yeyote. Mwaka juzi nilimwondoa mjane mgeni pale, nikamwambia ni mahali pangu, naye hakurudi tena. Mtafuteni, mwambieni mahali ni pake. Na siku mkono wa Nokwindla utakapochoka, maana utachoka, mkampa mwingine, msimwambie apumzike. Mwambieni mnajua kwamba anaumia.

Lungile, fungua sanduku. Chini kabisa. Lete... hapana, nitampa mwenyewe. Shika, Nokwindla. Usinishukuru. Wivu haujatoka, upo hapa umekaa unaniangalia, na sitaki barua iseme uongo mwingine. Mchungaji, futa mstari ule. Andika kwamba aliondoka akiwa na neno, na neno amelisema.

Ngojeni nipumue. Kidogo tu.

Tangu asubuhi nilikuwa na ombi moja: msiimbe mpaka gari livuke daraja, nisije nikasikia mnavyoimba vizuri bila mimi. Nimelifuta. Huko niendako nitakaa benchi la nyuma, jogoo wa shamba hawiki mjini, nipeni basi cha kwenda nacho. Mungu awape watoto watakaowazika nyinyi, si nyinyi kuwazika wao. Kila Alhamisi iwakute na pumzi. Aliyenikosea nimemwachia, na niliyemkosea... mmesikia.

Nokwindla, anza. Siyo hivyo, mkono uko juu mno. Nyamazeni nyie, niacheni nimfundishe hata mara moja. Kiganja kizima. Vuta pumzi kwanza, ndipo upige.

Ndiyo.

Tena.

Unanishinda, binti. Nimeshasema ya wivu, msinirudishe huko.

Lungile... usiwashe gari kwanza.