Upande Usiopakwa Rangi

Benchi letu la Ipogolo liko kati ya gereji ya Spana na jiko la kahawa la Mama Ikupa, pale malori yanayotoka Mbeya yanapopunguza mwendo. Jumamosi ile nilifika na gari la mti wa paini alilochonga marehemu mke wangu, Tekla. Ni mfano wa gari la mbio za saa ishirini na nne, lililoundwa na mafundi wawili kwenye gereji yao, bila kampuni nyuma yao. Kila sentimita yake ni kumi na mbili za gari lenyewe. Injini mbele, pua ndefu, dereva karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. Kushoto lilikuwa kijani. Kulia, mti mtupu. Kesho yake ukoo ungegawa vitu vya Tekla, na gari lingekwenda kwa mdogo wake, Happy. Sikutaka kumkabidhi kazi ya nusu, kwa hiyo nilimwomba Spana apake upande uliobaki.

Spana alikuwa akikoroga rangi. Kitonga, dereva mstaafu aliyepewa jina la mlima aliouteremka nusu ya maisha yake, akalichukua gari, akaniuliza:

— Msomi, huyu dereva mbona wamemweka kwenye mizigo?

— Injini ipo mbele, nikamjibu. Yeye anasawazisha nyuma.

— Kama gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.

Spana akacheka. — Na wewe ulikuwa gunia la nini?

— La kuendesha, Kitonga akasema. Na gari lenyewe, lile la kweli, lilikuwa kijani lote?

— Sijui, nikasema. Picha aliyofuata Tekla ilionyesha kushoto tu.

— Basi kulia halikupakwa, Spana akasema. Rangi ni uzito. Wale walikuwa wanakwangua mpaka rangi ili liwe jepesi.

— Wewe fundi wa wapi? Kitonga akadakia. Ni ujanja huo. Ukipitwa kushoto unaona la kijani, ukipitwa kulia unaona jingine. Unadhani yako mawili, unakata tamaa.

— Na trafiki?

— Trafiki anasimamisha moja, la pili linapita.

Mama Ikupa akamjazia kikombe. — Kunywa, Kitonga. Hayo maneno ni ya njaa.

Happy alishuka kwenye bodaboda akitokea Tosamaganga, kitenge cheusi kiunoni. Tukamwamkia kwa salamu ya kwetu, kamwene, akaitikia, akaliona kopo.

— Shemeji, hiyo rangi ya nini?

— Spana anamalizia. Dada yako aliacha nusu.

— Alikwambia hajamaliza?

Spana akaacha kukoroga. Tekla alifundisha fizikia, na hakuwahi kuchora ubaoni kitu ambacho hakuwa na hakika nacho; na upande wa kulia wa gari lile hakuwahi kuuona. Brashi nilizikuta zimeoshwa, kama za mtu aliyemaliza kazi. Lakini aliziosha kila siku. Miezi yote aliyolala mgonjwa, gari lilikuwa mezani mbele yetu, na mimi sikumuuliza.

— Kitonga, nikasema, Tekla aliwahi kukwambia chochote kuhusu gari hili?

— Mimi, mzee? Alikuwa ananisalimia tu.

Happy alikuwa bado amesimama, akinisubiri. Nikamwambia Spana afunike kopo. Kisha nikalichukua gari kwa Kitonga, nikampa Happy, naye akalipokea kwa mikono miwili, kidole gumba kikiwa juu ya mti mtupu.