Bi Pindo, Fundi Aliyeipima Korido kwa Futi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi nasi. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu, na mtu hakumbukwi mbiombio.

Tunamkumbuka fundi wa kushona nguo. Wateja walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyetoka dukani kwake kabla ya kugeuzwa huku na huku, pindo la nguo likaguliwe pande zote. Bi Pindo ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Aliugua saratani ya matiti kwa miaka mitatu. Narudia, miaka mitatu. Na miwili kati ya hiyo alitembea.

Aliishi na dada yake mkubwa, wote wajane, katika vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Aliporudi nyumbani baada ya upasuaji, dada mkubwa alimshika kama yai. Alimlisha kwa kijiko. Alimvisha. Alimchana nywele. Bi Pindo akiteremsha mguu mmoja tu sakafuni, sauti ilitoka jikoni: "Rudisha huo mguu! Unataka kuniua kwa presha?"

Siku moja dada mkubwa alipokwenda sokoni, Bi Pindo alijikongoja mpaka dukani, akiegemea ukuta. Akakaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Akakanyaga. Gurudumu halikuzunguka. Mkanda wa cherehani haukuwapo.

"Dada, mkanda wangu uko wapi?" aliuliza jioni.

"Mkanda gani? Mwenyewe umebaki kama uzi, unaulizia mkanda!"

Wasikilizaji, dada mkubwa alikuwa ameufukia mkanda ule ndani ya kopo la unga. Tusimcheke sana. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, mama yao alianguka jikoni akiwa anaumwa, ndoo ya maji mkononi. Hakuamka tena. Tangu hapo dada mkubwa alishika neno moja: mgonjwa akiinuka, anakufa. Na huyu mdogo wake ndiye aliyebaki mikononi mwake, akamlea yeye.

Lakini miezi minne ya kulala ilimmaliza Bi Pindo. Miguu ilikonda. Mkono wa upande wa upasuaji ukakaza, haukufika hata kichwani. Usingizi ukakimbia, ingawa alishinda kitandani mchana kutwa. Alipolazwa tena hospitalini, watu wawili walimbeba kumpeleka msalani, na hilo ndilo lililomliza. Alimwita muuguzi akamwambia polepole, "Sina ombi kubwa, binti yangu. Nataka niende msalani kwa miguu yangu."

Muuguzi hakucheka. Alimleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye viatu vya raba. Yeye alivuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa ndipo akaanza kusema. Alieleza kwamba uchovu wa saratani hauishi kwa kulala tu, na kwamba mwili unaolala sana husahau kazi yake. Daktari ameshakubali, alisema. Kidogo kidogo kila siku. Siku ya homa au kizunguzungu, apumzike. Waanze na korido, mpaka mlango wa tatu.

Dada mkubwa akasimama kati ya kitanda na mlango. "Mwanangu, wewe umesoma, sikatai. Lakini huyu nimemlea mimi. Haendi popote."

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Bi Pindo alitoa futi yake ya kupimia nguo na kipande cha chaki chini ya mto.

"Dada, hii korido ina urefu gani?"

"Nitajuaje? Kwani unaishonea gauni?"

"Yule kijana anasema mita ishirini. Mimi nasema ni zaidi. Shika ncha hii, tuone."

Sasa, mnaijua futi ya fundi. Ni sentimita mia moja na hamsini, basi. Ukitaka kupima korido nayo, mmoja ashike ncha, mwingine atembee, waweke alama, wa nyuma aje mbele. Na dada mkubwa alikuwa na udhaifu mmoja: amekaa na fundi miaka mingi, havumilii kipimo kilichopinda.

"Vuta! Imelegea hiyo. Weka chaki hapo. Hapo siyo, hapo!"

Bi Pindo alishika ukuta, akapiga hatua tatu, akapumzika. Hatua tatu nyingine. Mtaalamu wa viungo alifuata nyuma na kiti. Walipofika mlango wa tatu, akasema yatosha kwa leo. Ni dada mkubwa aliyegeuka na kuona kitanda kilivyo mbali. Akaziba mdomo. "Mdogo wangu, umenizungusha!"

"Sijakuzungusha. Umenitembeza."

Iliwachukua siku sita kumaliza kupima. Futi ishirini za fundi, yaani mita thelathini. Bi Pindo alisema kweli.

Alama za chaki zilikuwa ukutani kila mtu azione, na wagonjwa wengine wakaanza kuzitumia. Seremala mmoja, naye mgonjwa wa saratani, alizikagua kwa jicho la kazi. "Bi Pindo, fundi wa nguo hapimi jengo," akamtania. "Basi pima mwenyewe, kwa miguu," akajibiwa. Akapima. Kila mmoja akawa na alama yake. Mwanzoni mfanya usafi alizifuta kila asubuhi, ndiyo kazi yake, nao wakazichora upya. Siku moja alimkuta mama mmoja amesimama anatafuta alama yake ya jana, macho yamejaa machozi. Tangu siku hiyo alipitisha kitambaa juu ya alama na chini ya alama. Hakuagizwa na mtu.

Wiki ya tano ya kutembea, Bi Pindo alikwenda msalani kwa miguu yake. Dada mkubwa alimfuata, mikono mbele, kama anayefukuza kuku.

Baada ya kurudi nyumbani, mkanda ulitoka kwenye kopo, umejaa unga. Akashona tena, kidogo kidogo. Kila Alhamisi aliwakusanya wagonjwa pale hospitalini, wakatembea, wakanyoosha mikono, aliyechoka akakaa bila kuona haya. Aliwaambia wapya, "Mazoezi haya hayaniponyi, nisikudanganye. Lakini nalala usiku, nakula, na najichana nywele zangu." Halafu aliwauliza kama daktari amewaruhusu.

Saratani ilirudi, safari hii kwenye mifupa. Daktari akapunguza matembezi, yakawa ya ukingoni mwa kitanda: kuinua nyayo, kushusha. Bi Pindo alitii. Ila ombi lake lilibaki lilelile.

Dada mkubwa ametusimulia asubuhi ya mwisho. "Aliniambia, dada, leo nataka niende msalani mwenyewe. Nilitaka kumbeba. Mungu anajua nilivyotaka. Akaenda na fimbo yake, akishika ukuta, polepole. Hatua tisa. Mimi nilisimama mlangoni nimeishika mikono yangu nyuma ya mgongo, nisije nikamshika. Alipofika aligeuka akanitazama. Hakusema ahsante. Alicheka tu."

Bi Pindo alifariki mchana ule, usingizini.

Dada mkubwa, pole. Pole sana, mama. Umemlea mdogo wako mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Poleni wagonjwa wa Alhamisi. Poleni wauguzi, na wewe uliyepitisha kitambaa juu na chini.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine ndani ya nyumba zenu yupo mgonjwa anayependwa kweli, analishwa, anafunikwa, anakatazwa. Kesho muulizeni daktari wake anaweza kufanya nini. Kisha mkae karibu naye, usawa wa macho yake, mumuulize mwenyewe anataka kufanya nini kwa mikono na miguu yake. Halafu msimjibie. Mngojeeni aseme.