Mzee Kipimo na Nafasi ya Kidole

Tumekuja kumsindikiza mume, baba, babu na fundi seremala ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kipimo. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, kwa kusimuliwa na Bibi na wanawe, na mengine kwa kuyaona. Kama kuna mahali vipimo havikukaa sawa, mtuvumilie. Yeye mwenyewe, kama mtakavyosikia, aliwahi kukosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, na mama yake alifua nguo za watu. Dada yake, ambaye tunaye hapa leo, anakumbuka kwamba meza ya kwao ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mtoto huyu alikuwa akilia kila ikiyumba. "Sisi tuliizoea," anasema. "Yeye hakuizoea mpaka alipokua akaitengeneza."

Alianza shule mwaka 1961 akaishia darasa la sita, mwaka 1966, baba yake alipoumia mgongo kazini. Hesabu alikuwa anaziweza. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa fundi seremala wa mtaani ajifunze kazi, na kwa muda mrefu kazi yenyewe ilikuwa kufagia maranda na kunyoosha misumari iliyopinda. Alikuwa akituambia kwamba shule hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, maana kwenye daftari kuna kifutio, lakini ubao ukishaukata umeukata.

Mwaka 1975 alifungua karakana yake, chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Humo vimetoka milango, vitanda, makabati na madawati ambayo baadhi yenu mmeyakalia mkiwa watoto. Futi ya kupimia haikutoka mfukoni mwake, hata akiwa na suti. Akialikwa chakula, watu walikuwa wakitazama sahani, yeye anainama kutazama viungo vya meza. Alipenda kazi iliyobana. Alisema ubao na ubao vikikutana, hata unywele usipate pa kupita. Na kitu alichokichukia kuliko vyote duniani ni selotepu. Aliiona ni uongo wa mchana kweupe. Nyumbani kwetu selotepu ilifichwa kama watu wengine wanavyoficha pombe.

Alifunga ndoa na Bibi tarehe 18 Agosti 1979. Walikutana kwa sababu ya kabati. Baba yake Bibi alitaka kabati la vyombo, basi fundi akaja kupima. Siku chache baadaye akarudi kuhakikisha kipimo. Akarudi tena. Baba yake Bibi, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamuuliza, "Fundi, kwani ukuta wangu unakua?" Safari iliyofuata alikuja na wazee wake, na futi akaiacha nyumbani. Kabati lile bado liko jikoni kwa Bibi na milango yake haijawahi kulia. Mungu aliwajalia watoto watatu: mabinti wawili na kitinda mimba wao wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1994. Huyo kwetu ni Mjomba; kwenu ni yule DJ.

Familia ilikubaliana kwamba habari ya Mjomba na baba yake isemwe leo, tena Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema isiachwe.

Babu alikuwa na mbao za msaji, nzito na kavu, alizozihifadhi juu ya dari ya karakana tangu Mjomba akiwa mtoto. Zilikuwa za kutengenezea meza ya kazi ya Mjomba, siku atakapokuwa fundi kamili na kusimama kando ya baba yake. Hakuna aliyezigusa. Hata panya walijua. Lakini mwaka 2016 Mjomba aliweka randa chini, akasema anakwenda kupiga muziki kwenye maharusi. Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Babu alisema kwa upole kwamba hajawahi kuona mtu anayeuza kelele akazeeka nayo, kisha akanyamaza, na Mjomba naye akanyamaza. Tangu siku hiyo walizungumza kupitia kwa Bibi. Wanakula meza moja, Babu anasema, "Mwambie mwanao apitishe chumvi," na chumvi iko mkononi mwa Mjomba. Tulikuwa tunacheka, lakini Bibi hakucheka. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mmoja wao angeondoka duniani kabla hawajaitana tena baba na mwanangu.

Mwaka 2021, Mjomba alianguka na mashine yake kwenye ngazi za ukumbi. Kwa wasioijua, ni mashine bapa kama sinia, ina visahani viwili vya kuzungusha na vitufe vingi katikati, na ndiyo DJ anayochanganyia nyimbo. Ndani ilikuwa nzima, ila ganda lake la plastiki lilipasuka pembeni. Mjomba aliileta nyumbani imefungwa taulo, akaiweka mezani, akaanza kuizungushia selotepu. Babu alikuwa anakunywa chai. Alivumilia mzunguko wa kwanza. Akavumilia wa pili. Wa tatu ukamshinda.

"Mama watoto," akasema, "mwambie aache hiyo dhambi. Mwambie anipe hicho kitu nikipime."

Akakipima juu, chini na ubavuni. Kesho yake Bibi alipopeleka chai karakanani alikuta zile mbao za darini ziko chini, na mmoja umeshakatwa. Aliweka chai, akarudi ndani, akakaa kitandani. Anasema alijua papo hapo kwamba mzee ameiacha ile meza, na kwamba hakuna maneno ambayo angeweza kuyasema yakalingana na ule msumeno.

Kasha la mashine lilichukua siku nyingi. Pembe zake zimeunganishwa kwa meno yanayoumana, halina msumari hata mmoja. Alilipiga msasa mpaka ukilishika unadhani umeshika shavu la mtu. Lilimalizika asubuhi ya Jumamosi ambayo Mjomba alikuwa na harusi ya binti wa jirani yetu mshonaji. Mjomba akaishusha mashine ndani ya kasha mbele yetu sote. Ikaingia polepole, ikatoa pumzi, ikakaa. Hata unywele usingepita. Jirani mshonaji akasema hajawahi kuona nguo iliyokaa hivyo.

Ndipo Mjomba akatafuta pa kuchomeka nyaya. Matundu ya nyaya yako nyuma ya mashine, na nyuma kulikuwa na ukuta wa msaji. Babu alikuwa amepima mashine ikiwa peke yake, haina waya hata mmoja. Mjomba akataka kuitoa, kidole hakikupata pa kuingia. Wakaligeuza kasha juu ya godoro wakalipigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa, mashine haikutoka. Fundi mwanafunzi, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa Babu, alikwenda kucheka nyuma ya rundo la mbao. Simu ya Mjomba ikawa inaita kutoka ukumbini.

Mjomba akamgeukia Bibi. "Mama, mwambie baba kazi ni nzuri sana, ila..."

"Mwambie mwenyewe," Bibi akasema. "Mimi si simu yenu."

Mjomba akafuta jasho, akasema, "Baba. Hakuna pa kuingiza kidole."

Babu alilitazama lile kasha muda mrefu. Hatujui ni lipi lililomshtua zaidi, kosa lake au kuitwa. Kisha akachukua msumeno mdogo na patasi. "Nionyeshe nyaya zinapita wapi, mwanangu," akasema, na Mjomba akamshikia kasha huku akimwonyesha. Mtu ambaye hakuwahi kuruhusu pengo alikata kazi yake mwenyewe, mbele ya majirani, kwa haraka, kwa sababu bibi harusi alikuwa anasubiri. Alikata nyuma kwa ajili ya nyaya na ubavuni kwa ajili ya vidole. Mkato wa nyuma ulikwenda upande kidogo. Siku nyingine Mjomba alitaka kuunyoosha, Babu akakataa. "Liache hivyo hivyo," alisema. "Hapo panapitisha hewa."

Jioni ile alikwenda harusini bila kualikwa, akakaa karibu na spika, pamba masikioni, akitazama mikono ya Mjomba tu. Kwenye chai ya asubuhi alimwambia, bila kupitia kwa mtu, "Mkono wako wa kushoto una papara. Wa kulia unajua kusubiri." Mafundi mliopita mikononi mwake mnajua hiyo ni sifa kubwa kiasi gani. Wengine mlikaa naye miaka hamkuipata.

Tangu hapo neno lake likawa, acha nafasi ya kidole. Alimwambia mwanafunzi akiunganisha droo. Alimwambia mama yangu alipolalamika kwamba mumewe hasemi anachowaza. Alilisema hata kwa mchungaji wa mahubiri marefu, na tunashukuru mchungaji alicheka.

Mwishoni mwa mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua. Madaktari walisema ni vumbi la mbao la miaka mingi, wakamkataza kuingia karakanani. Alitii kwa namna yake: aliweka kiti mlangoni, upande wa nje, akawa anaelekeza kwa fimbo. Asubuhi Mjomba alikuja kumalizia kazi za wateja pamoja na mwanafunzi, jioni akaenda kwenye muziki wake. Wawili hao walibishana kila siku, kuhusu randa, kuhusu gundi, kuhusu nyimbo zisizo na maneno. Bibi alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni, na hakuwanyamazisha hata siku moja.

Alilazwa tarehe 21 Septemba 2024. Jumatano jioni, tarehe 2 Oktoba, Mjomba alimwekea muziki wa polepole masikioni. Babu alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Punguza kidogo, mwanangu. Niachie nafasi." Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 72, Bibi na Mjomba wakiwa wameshika mikono yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliolala na sisi msibani, na mafundi mliofunga karakana zenu leo. Zaidi tunamshukuru Mungu kwa miaka ile mitatu. Ingeweza isiwepo.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu sita, dada mmoja, na mafundi wengi ambao walimwita baba.

Jeneza mnaloliona limetengenezwa na Mjomba pamoja na mwanafunzi wa marehemu. Ni zile mbao za darini, zilizobaki. Halina msumari. Jana kabla ya kulifunga, Mjomba alipitisha kidole pande zote kati ya Babu na ubao, taratibu, mkono wa kulia, na kilipita.

Pumzika kwa amani, Mzee Kipimo. Halijakubana.